Mtu wa Saa Nzito

Katika miaka yote niliyochezea timu yake, Kocha hakutufundisha hata mara moja namna ya kufunga bao dakika ya kumi. Dakika ya kumi kwake ilikuwa kama chumba cha kungojea kwa daktari: unakaa, unapiga miayo, unatazama picha za ukutani. Mpira wenyewe, alisema, huanza pale watu wanapoanza kutazama saa zao. Hapo ndipo inapojulikana nani mwanamume na nani kaja kunyoosha miguu. Ukiwa na mtu mmoja mwenye moyo wa wakati ule, mtu aliyemwita "mtu wa saa nzito", huna haja ya kitu kingine. Na kweli, kitu kingine hakuwa nacho.

Ilikuwa timu ya mtaa, pale Mawaleh, Maskati, vijana na watu wazima waliotoka kazini, wakavua kanzu na kuvaa bukta. Mimi nilicheza beki wa kulia. Tulikuwa katika ligi ya timu za mitaani, daraja ambalo watu hulichukulia kwa uzito mkubwa kuliko linavyostahili, na msimu ninaousimulia tulikuwa hatufungi. Sisemi tulifunga kidogo. Kuna kipindi kipa wetu ndiye aliyegusa nyavu mara nyingi kuliko sote, akitoa mipira iliyoingia kwake.

Wazee walimwita Kocha, watoto wakamwita mudarrib kwa Kiarabu, na mama yangu, aliyejuana na mkewe tangu usichana wao, alimwita shemeji. Alikuwa amestaafu wizarani. Alikuwa mrefu, mkavu, na kofia yake aliivaa kwa mbele kidogo, kama mtu anayejikinga na jua hata likiwa limeshatua. Sikumwona kwa macho yangu akivaa nguo za mazoezi. Alikuja kiwanjani na kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, akinukia udi kuliko bwana harusi, na chupa ya kahawa ya tangawizi mkononi. Kahawa ile hakumpa mchezaji. Alimpa refa. "Si rushwa," alisema. "Refa naye ni mgeni wetu." Refa alikunywa, akashukuru, kisha akatupulizia filimbi vilevile.

Maagizo yake yote aliyatoa kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, akiamini kwamba wapinzani hawaelewi. Hilo alililinda kama siri ya vita. Nusu ya timu za Maskati zina mtu ambaye bibi yake alimlea kwa Kiswahili, lakini ukimkumbusha Kocha hakusikii. Siku moja alimpigia kelele mshambuliaji wetu, "Nasri! Mpitie kushoto, huyo beki wao mguu mzito!" Beki mwenyewe akageuka, akamjibu kwa Kiunguja safi kuliko chetu, "Ami, shikamoo. Mguu si mzito, viatu ndivyo vipya." Watu walicheka mpaka mchezo ukasimama. Kocha hakucheka. Wiki iliyofuata alipiga kelele kwa Kiswahili kile kile.

Mazoezi yake yalikuwa kitu cha pekee, na nikiyaeleza kwa watu waliocheza mpira mahali pengine hudhani natia chumvi. Tulipasha mwili kidogo, tukapiga pasi kidogo, kisha akapiga makofi na kusema, "Haya. Imebaki dakika moja. Tumefungwa moja. Yalla!" Basi sote, hata mabeki, tulivamia goli kama watu waliosikia kuna moto. Dakika ikiisha alitusimamisha, akatupanga upya, akapiga makofi: "Imebaki dakika moja. Tumefungwa moja." Tulirudia hivyo mpaka adhana ya magharibi. Matokeo yake tulikuwa timu iliyojua kucheza dakika moja tu. Hizo nyingine tulizimaliza kwa kutazamana.

Alikuwa na hadithi ya bao lake mwenyewe. Ujanani, katika fainali fulani, dakika ya mwisho kabisa, alifunga na watu wakambeba. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara bao liliingia kwa namna nyingine. Mara alipiga kwa kichwa, mara kwa mguu wa kushoto, na siku moja, mbele ya mgeni aliyeonekana kupendezwa, alipiga akiwa amelala chini. Kilichobaki vilevile ni dakika. Sikumpata mtu aliyekuwapo. Sisemi kwamba alisema uongo. Nasema kwamba mtu akifunga bao moja akalijengea dini nzima, angalau akumbuke alilifunga kwa mguu gani.

Dini hiyo ilimpata mtume wake katika Nasri.

Nasri alikuwa jirani yangu, mtu wa maneno machache aliyefanya kazi uwanja wa ndege, na ndiye mshambuliaji pekee tuliyekuwa naye mwenye akili ya goli. Mwanzoni mwa msimu ule alifunga mabao matatu ya dakika za mwisho, katika mechi zilizokaribiana. Watu walichanganyikiwa kwa furaha. Mabao yenyewe niliyaona, nilikuwa uwanjani. La kwanza mpira ulimgonga gotini akiwa anageuka. La pili kipa aliudondosha miguuni pake. La tatu lilikuwa bao hasa, shuti la mbali, la kupendeza. Kocha hakutofautisha. "Mmeona?" alisema, macho yanameta. "Huyu saa nzito haimtishi. Huyu kazaliwa nayo."

Msimu uliotangulia, Nasri alipokuwa akianza mechi kama watu wengine, alifunga mapema mara kadhaa, tukashinda kwa raha, tukaenda nyumbani kula. Mechi unayoshinda kwa raha haina hadithi. Hakuna aliyeikumbuka, sembuse Kocha.

Ndipo akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilifikiri damu inanichemka. Alimtoa Nasri kwenye kikosi cha kuanza. Mfungaji wetu pekee, katika timu isiyofunga, akamweka benchi ili amtunze kwa ajili ya mwisho. Nilimfuata baada ya mechi ya kwanza ya namna hiyo, tuliyopoteza, akiwa anafungua mlango wa gari.

"Kocha, Nasri aanze."

"Nasri ni wa mwisho."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukimwanzisha ataizoea mechi. Mtu akishaizoea mechi, moyo unalala. Mie nnataka aingie moyo uko macho."

"Lakini akianza atapata nafasi nyingi. Mwisho anapata moja, au hapati. Na bao la dakika ya tano nalo linahesabiwa."

Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwanawe aliyefeli mtihani. Alikuwa na mtindo wa kutuita kwa nafasi zetu, isipokuwa Nasri. "Linahesabiwa, Beki," akasema. "Lakini halimuumizi mtu."

Akaingia garini, akaondoka. Nilibaki pale nikifikiri majibu mazuri ambayo nilikuwa nimechelewa kuyasema. Hatukuwa tukihitaji kumuumiza mtu. Tulihitaji kupiga mpira golini mara nyingi, kila mechi, mpaka mingine iingie. Timu inayofika golini mara mbili kwa jioni nzima haina tatizo la moyo. Ina tatizo la kufika. Lakini kufika ni kazi, inataka pasi na mbio na kurudia mambo yale yale ya kuchosha, na hakuna mtu anayebebwa mabegani kwa kufika.

Jambo la kuchekesha, kama una moyo wa kucheka, ni kwamba yeye mwenyewe saa nzito ilimshinda. Ikitolewa penalti, yetu au yao, Kocha aligeuza mgongo. Aliukabili uzio wa waya, akaushika kwa vidole vyote, akafunga macho. Mpira ukishapigwa alimwuliza aliye karibu, "Imeingia?" Nilidhani kwanza ni dua. Baadaye nikaelewa kuwa ni hofu tupu. Mtu aliyetuhubiria ujasiri wa dakika ya mwisho hakuwahi, kwa miaka yote ile, kuitazama dakika hiyo uso kwa uso.

Mama yangu hakupenda nikimsema. "Weye wamcheka shemeji kwa mambo ya mpira," alisema. "Nenda kamtazame nyumbani kwake kwanza."

Nilikwenda, kwa sababu nilimpeleka mama. Kocha alikaa Ghubra, nyumba ya ghorofa moja yenye kivuli cha mabati mbele. Mkewe alikuwa amepigwa na kiharusi miaka kadhaa kabla, hawezi kukaa wala kusema, anatazama tu. Msichana wa Kiganda aliyefanya kazi pale alitufungulia, akatuketisha ukumbini, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mngoje kidogo. Kwa Mama mimi siingii mpaka Baba aniite. Yeye mwenyewe ndiye anamgeuza, anamlisha, anamchana nywele. Mimi napika tu."

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Nilimwona Kocha amekunja mikono ya kanzu, amepiga magoti kitandani, anamgeuza mkewe ubavu kwa namna ya mtu aliyefanya hivyo asubuhi ya leo na jana na juzi: mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, mto hapa, mto pale. Simu yake ilikuwa kando, aliitega imlilie kila wakati wa kugeuza ukifika. Kisha akamlisha uji. Aliungojea kila mmezo. Hakuharakisha, hakuhutubia. Mkewe hakuwa na kidonda hata kimoja cha kulala, mama aliniambia tukirudi, na daktari alishangaa.

Nilipaswa kulainika. Badala yake nilizidi kukasirika. Kumbe mtu huyu anajua. Anajua kabisa kwamba jambo linafanikiwa kwa kurudiwa kila siku pasipo makofi, na hakungoja vidonda vitokee ndipo awe shujaa wa kuviponya. Alipotoka, akifuta mikono, nilishindwa kujizuia.

"Kocha, mbona timu huiendeshi hivi?"

Mama alinifinya. Kocha alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa lugha ya kigeni.

"Huku si mchezo, Beki," akasema.

Basi nikarudi kwenye mchezo. Mechi ya mwisho ya msimu tulihitaji sare tu ili tusishuke daraja. Wapinzani wetu hawakuwa hatari, walikuwa wamechoka kama sisi. Tangu mwanzo nilipanda kulia nikapiga krosi, moja baada ya nyingine, na ndani ya boksi hakukuwa na mtu. Kila nikigeuka nilimwona Nasri benchi, ameweka taulo shingoni, anatazama magoti yake. Walitufunga kabla ya mapumziko.

Wakati wa mapumziko wachezaji watatu tulimwomba Kocha amwingize. Alitikisa kichwa. "Bado. Hamuoni? Saa haijawa nzito."

"Angalau apashe moto misuli," nikasema.

"Akikimbia kando ya uwanja watamwona, watajitayarisha. Atulie hapo hapo."

Nilimgeukia Nasri. "Sema kitu, yakhe."

Nasri aliinua macho. "Muache," akasema. "Ntaingia."

Nadhani hapo ndipo nilipoona ubaya wenyewe. Nasri alikuwa ameamini. Kwa miezi alikuwa ameambiwa ana kitu ambacho wengine hawana, na nani hapendi kuambiwa hivyo?

Aliingia mechi ikiwa karibu kwisha. Na kwa kuwa dunia haikosi mzaha, tulipata penalti. Krosi yangu iligonga mkono wa beki wao. Kiwanja kikalipuka, Kocha akakunjua mikono juu kama mtu aliyejibiwa dua, kisha akaenda kwenye uzio wake. Nasri aliuweka mpira. Alikuwa ameshakimbia mara moja tu tangu aingie. Alirudi nyuma, akaja, na mguu wake wa kupigia ulijikunja vibaya, niliuona kutoka pembeni, ukagusa mpira kama unausukuma. Mpira ulikwenda taratibu, ukagonga nguzo, ukatoka nje.

"Imeingia?" Kocha akauliza.

Nilikuwa karibu naye kuliko wengine. "Haijaingia," nikasema.

Filimbi ya mwisho ilipolia alikuwa bado ameshika waya.

Tulikusanyika kando ya magari, kwenye vumbi, Nasri amekaa juu ya kreti la maji na kichwa chini. Kocha alikuja. Nilidhani atasema amekosea kumchelewesha, au angalau kwamba ni kudura. Alisimama mbele yake, kanzu haina doa, akasema kwa upole, na upole ndio uliokuwa mbaya zaidi:

"Moyo ulikukimbia. Nilidhani unao. Kumbe yale matatu yalikuwa bahati."

Hapo ndipo alipopata kusema jambo la kweli kuhusu yale mabao, na akalisema kwa mtu asiyefaa, siku isiyofaa, kwa sababu isiyo ya kweli. Kama matatu yalikuwa bahati, na kosa hili moja lilikuwa nini? Mpira mmoja ukiingia tunamtawaza mtu, ukigonga nguzo tunamzika. Nasri aliinuka, akatia viatu kwenye mfuko, akaenda nyumbani.

Hakuichezea timu tena. Tulipokwenda na watoto ufukweni Qurum siku za Ijumaa, tukapanga ndala mbili kuwa goli, Nasri alicheza vizuri tu, alikimbia, alicheka. Lakini mpira ukimfika karibu na goli aliutoa pasi, hata kama goli liko wazi na kipa ni mtoto wa chekechea. Siku moja nilimwambia, "Piga basi." Akasema, "Hapana, mie si wa hapo." Alilisema kama mtu anayetaja kipimo cha kiatu chake.

Kocha aliondoka mwaka uliofuata. Alipewa ngao ya shukrani, akatoa hotuba juu ya moyo. Aliyemfuata alikuwa mwalimu wa michezo wa skuli, kijana asiye na hadithi yoyote, ambaye alitufundisha kufika golini. Tulipiga, tukakosa, tukapiga tena. Tulifunga mapema, tulifunga katikati, mara moja moja tulifunga mwisho. Tukapanda daraja, na hakuna mtu yeyote anayesimulia msimu ule.

Ikapita miaka. Juzi juzi mama alinipigia simu analia: mke wa Kocha kafariki.

Siku ya pili ya matanga nilikwenda Ghubra baada ya alasiri. Majilisi, chumba cha wageni, ilikuwa imejaa, wanaume wamekaa pande zote juu ya mazulia, kahawa na tende zinapita. Kocha alikuwa mbele, mahali pa mfiwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona na kanzu iliyokunjamana. Nilimpa mkono, nikamwambia maneno yanayosemwa, naye akanivuta nikae kando yake.

"Nilitoka kutia petroli," akasema.

Sikumwelewa.

"Petroli tu, Beki. Gari lilikuwa na nusu tangi, ningeweza kwenda kesho. Niliporudi msichana kasimama mlangoni, kashika mdomo. Miaka yote niko pale kitandani. Usiku, mchana. Na saa yenyewe ilipofika, sikuwapo. Basi yote yale yalikuwa ya nini?"

Nilidhani kilichonishika ni huzuni, kumbe ni hasira ile ile ya siku zote.

"Asubuhi ile nani alimgeuza?" nikauliza.

"Mie."

"Nani alimlisha?"

"Mie. Lakini..."

"Na jana yake? Na mwaka juzi?"

"Hayo ni mambo ya kila siku," akasema, akipunga mkono kuyafukuza. "Hayo mtu yeyote..."

"Mtu yeyote gani? Umekosea, Kocha!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko inavyofaa mahali pale. Mzee mmoja aliyeshika tasbihi aligeuka. Nikashusha sauti. "Siku zote umekosea, mie nnakuambia na hunisikii. Leo umekosea vibaya zaidi. Yeye aliishi zile siku. Hakuishi ile dakika peke yake."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, kope zimevimba. Nilingoja anihurumie kama alivyozoea. Hakunihurumia. Alisema, polepole, "Nasri nilimwambia moyo ulimkimbia."

"Ulimwambia."

"Mbele ya watu."

"Mbele yetu sote."

"Kaja?"

Nilimwonyesha. Nasri alikuwa mlangoni kabisa, mahali wanapokaa waliochelewa, karibu na viatu. Kocha aliinuka. Mfiwa haondoki mahali pake, watu ndio humfuata, na kijana wake mkubwa alinyanyuka nusu kumzuia. Kocha alimpita. Nami nikamfuata, nikihofia ataanguka. Alipofika alichuchumaa kwa shida mbele ya Nasri, ambaye alitaka kusimama akazuiwa.

"Ile penalti," Kocha akasema. "Nilisema neno siku ile."

"Yameshapita, Kocha. Leo si siku yake."

"Nnataka kujua. Ilikuwaje?"

Nasri aliniangalia, kisha akatazama mikono yake. Nilitarajia atasema lile la siku zote, kwamba yeye si wa pale. Alipokea kikombe cha kahawa kilichokuwa kikipita, akakiweka chini bila kunywa.

"Mguu ulikuwa baridi," akasema. "Nilikaa sana. Moyo nilikuwa nao, Kocha. Nilikaa sana tu."

"Nani alokukalisha?"

Nasri alisita, kwa sababu ya matanga, kwa sababu ya mvi za Kocha, kwa sababu ya adabu tuliyolelewa nayo sote. Kisha akamtazama usoni.

"Weye."

Kocha alitikisa kichwa kukubali, mara moja, kwa uzito. Hakuomba msamaha wala hakusema neno la moyo. Alijisogeza, akaketi chini kando ya Nasri, mgongo ukutani, miguu karibu na viatu vya watu. Kijana wake alikuja kumwita arudi mbele. Hakurudi. Waliokuja kumpa pole jioni ile waliingia, wakapatazama pale mahali pa heshima patupu, wakaulizana kwa macho mfiwa yuko wapi, na ikabidi wageuke nyuma, mlangoni walipokwisha kupita, wainame pale alipokaa bega kwa bega na Nasri.